Bluu Niliyoiacha Bila Vanishi

Naanza na aibu yenyewe, nisije nikaizungukia kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Mimi ndiye yule baba aliyeshika kipaza sauti kwenye sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga, mbele ya wakwe waliotoka Itumba tangu asubuhi, akatamka neno "sumu". Wapo watu hapa Chapwa, Tunduma, ambao mpaka leo wakipita karakana yangu hawaniulizi habari za kazi, wananiuliza kama keki ilibaki. Nimeshazoea. Nawajibu kuwa ilibaki.

Kazi yangu ni kuziba rejeta za malori. Foleni ya mpakani ikiwa ndefu, malori yanachemka, madereva wananiletea rejeta zinazovuja, nazilehemu, wanaondoka. Rejeta za zamani zina shaba ndani yake, na zile zisizozibika hubaki kwangu, kwa hiyo kwa miaka mingi nimekaa na lundo la shaba nyuma ya karakana bila kuliwazia jambo. Siku moja nilikuwa nachoma kipande cha bati la shaba ili kitoe uchafu, nikakisahau kidogo kwenye moto, na nilipokitoa kilikuwa kimebadilika: ukingoni rangi ya chungwa, halafu waridi, halafu zambarau, na katikati doa dogo la bluu yenye fedha, kama mafuta juu ya dimbwi. Nilikishika kwa koleo mpaka kikapoa. Sikumbuki kama kulikuwa na mteja amesimama. (Alikuwepo. Mke wangu anasema aliniita mara tatu kisha akaenda kwa fundi mwingine.)

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wa rangi. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini nina kitabu cha kemia cha sekondari kisicho na jalada, nina simu, na nina daftari la mistari mikubwa ambalo naandika kila jaribio: nimetia nini, kiasi gani, muda gani, hali ya hewa ikoje, na matokeo. Nilijifunza kwamba yai la kuchemsha likipondwa na kufunikwa pamoja na shaba ndani ya kopo, bila hata kugusana, shaba inageuka kahawia kama gome la mti, na ukiiacha mpaka kesho inakuwa nyeusi. Nilijifunza kuchoma shaba mpaka iwe waridi na kusimama kabla haijawa zambarau, kazi ya kuhesabu moja mpaka nne bila kupumua. Nikaanza kukata hereni na vikuku. Dereva mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliziona zimening'inia kwenye waya, akazigeuza geuza, akaniambia kwa jina lao la kumwita mzee, "Bamudala, hii si shaba yetu? Sisi tunaichimba, lakini haijawahi kutuvalia hivi."

Lakini rangi niliyoitaka mimi ilikuwa moja. Nilizaliwa Igamba, kwenye kahawa, na utotoni nikitumwa asubuhi na mapema kuchota maji nilikuwa nasimama mahali fulani na kuangalia upande wa Ileje, na milima ya kule kabla jua halijaifikia ilikuwa na bluu moja kavu, kama imepakwa poda, bluu ambayo ukipepesa macho mara mbili inaondoka. Nilikuwa nachelewa kurudi kwa sababu ya ile bluu, na nimechapwa kwa ajili yake zaidi ya mara moja. Sikudhani kitu cha namna ile kinaweza kushikwa mkononi.

Kinaweza. Unachukua maranda ya mbao nusu ndoo ndogo, siki vijiko vinne, chumvi kijiko kimoja, na nusu kikombe cha mkojo wa mbuzi uliokaa siku tano. Unachanganya, unazika shaba humo ndani, unafunika, unaiacha kivulini siku tatu. (Mbuzi wangu wanalala kwenye banda la juu lenye sakafu ya mabanzi, ndoo inakaa chini yake. Mke wangu aliniangalia siku ya kwanza nikitega ndoo, akasema, "Baba Salome, watu wanakinga maji ya bomba, wewe unakinga mbuzi," akaingia ndani.) Siku ya nne nilifukua kipande cha kwanza, nikakisuuza, nikakiweka juani. Kilipokauka, nilikaa chini. Ilikuwa ile bluu. Poda na yote.

Sasa, Salome ni mwanangu wa pekee. Alipochumbiwa na Ezekia, kijana mwalimu, mtu wa Itumba kule Ileje, wenzake walimwambia aende mjini akakodi seti ya dhahabu ya kung'aa kama maharusi wote. Nilimwonyesha tu kile kipande. Alikigeuza, akakiweka shingoni mbele ya kioo cha lori lililokuwa pale, kisha akasema, "Baba, nitengenezee wa kwako. Lakini usiniaibishe." Alisema akicheka. Mimi nililiandika kwenye daftari, tarehe na maneno yake, kwa sababu kwangu ile ilikuwa oda kubwa kuliko rejeta zote za mpakani: mwanangu alikuwa anakwenda kukaa kwa watu wengine, na alikuwa amekubali aende amevaa kazi ya mikono yangu.

Nikakata vibati kumi na saba vyenye umbo la jani la kahawa, nikaviunganisha viwe mkufu mpana unaolala kifuani, nikavizika, nikafukua. Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya ulezi.

Rangi ya namna ile ni lazima ifungwe. Hilo nalijua, limeandikwa kwenye daftari langu ukurasa wa pili kwa wino mwekundu. Unapuliza vanishi tabaka mbili tatu nyembamba, rangi inabaki chini yake kama picha chini ya kioo. Basi nikapuliza kwenye jani moja la ziada, na bluu ikazama. Ilikuwa bado bluu, lakini bluu iliyolowa, kama shati lililotoka kufuliwa, na ile poda ya asubuhi ikawa haipo. Nikajaribu nta ya nyuki, ikawa kijani. Nikakaa na yale majani kumi na saba makavu magotini kwangu jioni nzima, nikawa kama namwona yule mtoto wa Igamba na ndoo yake, nikasema moyoni, siwezi kuifunga hii.

Msidhani sikuipima. Niliipima mara thelathini na moja. Niliisugua kwa kidole, haikutoka. Niliisugua kwa kitambaa cheupe, haikutoka. Niliivaa mwenyewe ndani ya shati wiki nzima, haikutoka. Mke wangu aliuliza, "Umeifunga?" Nikamjibu, "Haihitaji." Akasema, "Haihitaji au wewe ndiye hutaki?" Nikafunga daftari, kwa sababu swali lilikuwa sahihi.

Kosa langu ni kwamba majaribio yote thelathini na moja niliyafanya mwezi wa saba. Anayeijua Tunduma ya mwezi wa saba anajua tunalala na masweta. Hakuna mtu anayetoka jasho. Sendofu ilikuwa mwezi wa kumi, siku zile kabla ya mvua, joto limekaa juu ya mabati kama mtu mnene. Daftari langu lilikuwa na safu ya siki, safu ya chumvi, safu ya hewa. Safu ya jasho halikuwa nayo.

Ukumbi ulijaa saa nane mchana. Wakwe zetu waliketi upande wa kulia, na kina mama wao walikuwa wameshona sare ya blauzi nyeupe na vitenge, weupe wa kufua na kuanika majanini, si utani. Mbele yao alikaa Mama Ezekia, mama wa bwana harusi, mjane, mwembamba, mgongo wima, mtu ambaye akikusalimia unajikuta unajipanga vifungo. Pembeni yake alikaa Baba Mdogo, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye ndiye alikuwa msemaji wa ukoo.

Salome akaingia anacheza. Nimeshaona vitu vizuri, lakini kile sijawahi kukiona. Gauni la krimu, na juu yake milima ya asubuhi inatembea. Muziki ulikuwa mkubwa ila mimi sikuusikia, nilikuwa kama nimeamka kabla ya wengine na dunia bado haijaanza kuongea. Alicheza kutoka mlangoni mpaka mbele, taratibu, nyimbo tatu nzima, taa zinamwakia usoni, na shingo yake ikaanza kung'aa. Mimi nikadhani ni furaha.

Ikafika zamu ya kupokelewa. Kina mama wa upande wa bwana harusi wanapita mmoja mmoja kumkumbatia binti, shavu la kulia, la kushoto, la kulia tena, na hawakumbatii kwa ncha za vidole, wanakumbatia kama wanampima uzito. Mama Ezekia alikuwa wa kwanza. Alipojitoa na kugeuka kwa watu, alikuwa na majani matatu ya bluu kwenye blauzi nyeupe na doa la bluu chini ya sikio.

Sikuelewa. Naapa, wazo langu la kwanza lilikuwa: imekolea vizuri.

Wa pili akatoka na bluu begani. Wa tano kwenye kidevu. Wakirudi kwenye viti wanashikana mikono na waliobaki, wanapangusana jasho, wanabebeana watoto, na bluu inatembea nao, kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili, kutoka leso kwenda paji la uso, kimyakimya, kama ukungu unavyopanda bonde. Kila mmoja anamwona mwenzake na hajioni. Nikasikia mama mmoja anamwambia jirani yake, "We, una nini mdomoni?" na jirani anamjibu, "Mimi? Wewe una nini puani?" Mke wangu aliniegemea, akasema bila kunitazama, "Haihitaji, eeh?"

Ningeweza kunyamaza. Madoa hufuliwa. Lakini mshereheshaji, kijana mmoja mwenye suti ya kumeremeta, alikuwa ameshamwita Salome kwenye keki, na kabla hajamruhusu kulisha akaniletea kipaza sauti: "Baba mzazi, neno moja tu wakati binti anakata!" Nikasimama na kipaza sauti. Salome akakata. Wakampa kijiti cha kulishia, na mshereheshaji akakitupa. "Kijiti cha nini? Mkwe analishwa kwa mkono! Kwa mkono, kwa mkono!" Ukumbi mzima ukaitikia, "Kwa mkono!"

Salome alikuwa ameshika mkufu wake njia nzima, kama watu wanavyoshika kitu wanachokipenda. Vidole vyake vilikuwa bluu mpaka kwenye kifundo cha pili. Akachukua kipande cha keki nyeupe, na dole gumba likaacha alama yake juu ya krimu. Akakipeleka kwenye mdomo wa Mama Ezekia, ambao ulikuwa umeshafunguka.

Na kitabu changu kisicho na jalada kinasema wazi kwamba kutu ya shaba haifai kuliwa, inachafua tumbo. Mimi ni mtu wa kusema jambo lilivyo. Nikasema lilivyo, kwenye kipaza sauti, kwenye spika nne:

"Msile keki! Ina sumu!"

Watu mia mbili wakageuza vichwa kunitazama. Hata mpiga muziki alizima. Mama Ezekia aliufunga mdomo wake taratibu, kama mtu anayefunga sanduku. Kuna neno moja ambalo kati ya wakwe na wakwe halitamkwi hata kwa mzaha, na mimi nilikuwa nimelitamka siku yenyewe, nikiwa nimesimama, nikiwa baba mwenye shughuli.

Baba Mdogo akainuka. "Ina nini?"

"Si keki," nikasema, "keki ni nzima, ila mikono..."

"Mikono ya nani? Mnajua mlichotupaka?" Akawa ameshaona viganja vyake mwenyewe. Akavigeuza juu, chini. "Jamani, angalieni mikono yenu! Tumepakwa dawa!" Basi hapo kila mtu akajiona. Ukumbi ulipiga ukelele mmoja, viti vikaanguka, mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Baba Mdogo akamgeukia dereva wao, "Washa gari. Hakuna ndoa hapa. Ezekia, simama tuondoke!"

Ezekia akasimama. Hakuondoka, lakini alisimama, na nikamwona Salome akimwangalia alivyosimama. Ile keki bado ilikuwa mkononi mwake hewani. Hakulia. Aligeuka upande wangu, akasema kwa sauti ya kawaida ambayo kipaza sauti kiliidaka, "Baba, waambie. Waambie vizuri, na usiache kitu."

Heri asingeniambia nisiache kitu. Maana sikuacha.

Niliwaeleza kuhusu rejeta. Niliwaeleza kuhusu maranda, nusu ndoo ndogo, siki vijiko vinne, chumvi kijiko kimoja. Nikafika mahali ambapo mtu mwenye akili angekohoa na kuruka, na mke wangu nikamwona anafumba macho, nami nikasema, "Na nusu kikombe cha mkojo wa mbuzi. Uliokaa siku tano." Mtu mmoja nyuma akauliza, "Wa nini?" Nikadhani hakusikia, nikarudia. Nikawaeleza kwamba rangi ilisuuzwa, kwamba haidhuru ngozi, kwamba inadhuru ikiliwa tu, kwamba ilipaswa kufungwa kwa vanishi, na kwamba sikuifunga. "Kwa nini?" akauliza Baba Mdogo. Nikasema ukweli wa mwisho uliobaki. "Kwa sababu ilikuwa nzuri hivyo ilivyo. Inafanana na milima ya kwenu asubuhi, ukiiangalia kutoka Igamba."

Mshereheshaji akainama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa analia.

Aliyebaki ameketi wakati wote ni Mama Ezekia. Alikuwa ameweka viganja vyake mapajani, wazi, anavitazama. Akaleta kimoja puani, akanusa. Akasugua kidole kwa kidole.

"Shemeji, kaa," akasema. Baba Mdogo akaendelea kusimama. "Nimesema kaa. Huu ni mrututu, ile dawa ya kahawa."

"Siyo mrututu hasa," nikasema, "ila ni ndugu yake, maana vyote ni vya shaba..." Mke wangu alinivuta koti.

"Kaka yako," Mama Ezekia akaendelea, anamwambia Baba Mdogo lakini ukumbi mzima unasikia, "kila msimu wa kupulizia kahawa alikuwa anarudi na mikono ya namna hii. Mwaka hadi mwaka. Alikuwa anakataa kunawa mwenyewe, anakaa kwenye kigoda ananinyooshea hivi." Akanyoosha mikono mbele, viganja juu. "Na mimi namnawisha ndipo ale. Wewe umesahau? Mimi sijaona mikono hii tangu tumemzika."

Baba Mdogo akaviangalia viganja vyake tena. Akavuta kiti, akakaa.

Mama Ezekia akageuka kwangu, na mgongo wake ulikuwa wima kuliko mwanzo. "Mkwe."

"Naam, mama."

"Unajua kinachoondoa?"

"Ndimu na sabuni, mama. Nimeandika ukurasa wa kumi na mbili."

"Basi tafuta beseni. Wewe mwenyewe. Leo utatunawisha."

Pale kwetu kunawisha wageni ni kazi ya mabinti. Baba mwenye shughuli anakaa, ananawishwa. Mimi nilivua koti, nikachukua jagi jikoni na beseni jeupe na ndimu zote za kachumbari, nikapita safu kwa safu, mgongo umeinama, namimina kwa kila mkono wa ukoo ule, wazee kwa watoto, na kila mmoja ana la kuniambia. "Mkwe, haya maji angalau si ya mbuzi?" "Mkwe, pole pole, hatuna safari, gari limezimwa." "Mkwe, nimiminie na huku, kuna jani limebaki." Baba Mdogo alinyoosha mikono bila kunitazama, halafu wakati nafika kwenye vidole akasema chini chini, "Mwanamume mzima, mkojo wa mbuzi," na mdomo ukamponyoka, akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye viatu vyangu.

Mama Ezekia alitaka awe wa mwisho. Nilimimina kidogo kidogo. Hakuwa na haraka na mimi sikuwa na haraka. Beseni lilipojaa niliangalia ndani, na maji ya mikono mia yalikuwa yametulia, rangi nyepesi, bluu ya mbali kabisa, na kwa muda mfupi nikasahau nilipo. Nilitamani kuuliza kama kuna mtu ana kalamu. Salome, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na sabuni, akaninong'oneza, "Baba, usithubutu."

Keki ikakatwa upya upande wa pili na kulishwa kwa vijiti. Ndoa ilifungwa Itumba wiki tatu baadaye. Salome alivaa mkufu uleule, nikiwa nimeupuliza vanishi tabaka tatu, na ulikuwa na ile bluu iliyolowa ambayo nilikuwa naikataa. Asubuhi ile kulikuwa kumenyesha. Nilipoangalia milima kwa karibu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikiwa nimesimama juu yake, nikakuta bluu iliyolowa ndiyo rangi yake ya kweli ikiwa na maji.

Nimeweka nadhiri, na imeandikwa kwa wino mwekundu: hakitoki karakana kwangu kitu cha bluu ambacho hakijafungwa mara tatu na kuvaliwa na mimi mwenyewe, shati jeupe, jua la mwezi wa kumi, nikisukuma rejeta mpaka nitoke jasho. Na kipaza sauti sishiki tena.

Nadhiri hiyo nimeivunja mara moja. Salome alileta ujumbe kutoka kwa mama mkwe wake kwamba anaomba bangili moja ya rangi ile, ila isipigwe vanishi. Nilikataa mara mbili, nikampa sababu zangu zote. Mama Ezekia akarudisha jibu kwamba amezielewa, na bado anaiomba hivyo. Nikamtengenezea, nikaambatanisha na karatasi ya maelekezo: avue kabla ya kula, anawe kwa ndimu. Salome ananiambia mama mkwe wake anafuata kila neno. Jioni anavua bangili, ananyoosha mikono, viganja juu, Salome anammiminia, na maji yale ya bluu hayamwagi mara moja.